Maisha ya kimonaki Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa vijana, wazazi na wanajumuiya ninaokutana nao nikihudumu kwenye kamati ya miito ya parokia yetu, huku Njombe. Mimi si mtawa, nina familia. Lakini nawapenda watu hawa wa kengele na zaburi, na huniuma wanapoelezwa vibaya, ama kwa kudharauliwa ama kwa kusifiwa wasivyostahili. Taratibu ninazozitaja ni za Kanisa Katoliki, kwa kuwa monasteri tulizo nazo ukanda huu ni zake. Wa madhehebu na dini nyingine nao wana swali lao humu.

Mmonaki ni nani? Si ni padri tu?

Hapana. Upadri ni daraja la huduma: kuadhimisha misa, kuungamisha, kuchunga waamini. Umonaki ni namna ya kuishi: kukaa katika monasteri pamoja na ndugu, kwa sala na kazi. Kwa hiyo mmonaki anaweza kuwa padri, na anaweza kubaki bruda mpaka anazikwa asipungukiwe na chochote. Huku kwetu watu humuuliza bruda wa miaka sitini, "Upadri utaupata lini?" kana kwamba amekwama njiani. Hajakwama. Mapokeo yanasema hata Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni, mwongozo wa maisha ya kimonaki unaofuatwa katika monasteri za Peramiho na Hanga, hakuwa padri.

Na masista je? Wote ni wamonaki?

Si wote. Masista Wateresina wa Iringa, kwa mfano, ni shirika la kitume: sista hutumwa shuleni, zahanati au parokiani, na kesho anaweza kuhamishiwa nyumba nyingine. Masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, na wa Imiliwaha, hapa Njombe, wanafundisha na kuuguza pia, ila siku yao imejengwa juu ya sala ya pamoja ya Kibenediktini. Kisha kuna Waklara na Wakarmeli, wa ndani kabisa, ambao hawatoki kwenda kufanya kazi nje. Mgeni huonana nao sebuleni, mara nyingi wavu ukiwa katikati. Wanaozungumzia "masista" kama kundi moja huwapa vijana picha ya kuchanganya, na binti anaweza kujikuta amegonga mlango usio wake.

Kwa nini mtu ajifungie? Anakimbia nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi muulizaji ana jibu lake tayari: ameachwa na mchumba, amefeli mtihani, anaogopa maisha.

Anayekimbia hadumu. Nyumbani ukigombana na jirani unaweza kuhama mtaa. Kazini ukichoka unatafuta ajira nyingine. Mmonaki wa Kibenediktini huweka nadhiri tatu, na ya kwanza kutajwa katika sura ya 58 ya Kanuni ni kudumu mahali: kubaki katika monasteri ile, na ndugu wale, mpaka kufa. Nyingine ni kuigeuza tabia yake siku zote na kutii. Ufukara na useja vimo humo ndani. Hebu fikiria maana yake. Yule anayekukera kwa namna anavyokohoa wakati wa zaburi utakaa naye kanisani miaka arobaini. Yule aliyekusema vibaya mbele ya abate, mkuu wa monasteri, utakula naye mchana na jioni, na akiugua utamwosha.

Watu hudhani ugumu uko kwenye kuacha: kuacha ndoa, pesa, ngoma na simu. Kuacha ni kazi ya siku moja. Kubaki ndiko kunakommenya mtu. Ukuta wa monasteri una kazi zaidi ya moja. Unalinda kimya, ndiyo, na kila nyumba ya kitawa hutakiwa na sheria ya Kanisa kuwa na sehemu isiyoingiwa na wageni. Lakini humzuia pia mtu asijikimbie. Ukiondoa safari, vijiwe na kelele, kinachobaki ni wewe, Mungu na hao ndugu, na hapo ndipo mtu huanza kujiona alivyo.

Haya si mambo yaliyoletwa na Wazungu?

Wazungu waliyaleta Ungoni, kweli. Lakini wao waliyapata Afrika. Antoni Mkuu, anayeitwa baba wa wamonaki, alikuwa Mmisri. Alizaliwa yapata mwaka 251, akagawa mashamba aliyorithi, akaingia jangwani, akafa mwaka 356 akiwa na zaidi ya miaka mia moja. Pakomi, Mmisri mwingine, ndiye aliyewakusanya wakaapweke waishi pamoja chini ya kanuni moja, huko Tabennisi kando ya Mto Naili. Na kulikuwa na Abba Musa, Mwafrika mweusi aliyewahi kuwa jambazi, akawa mmoja wa wazee wanaoheshimiwa sana wa jangwa la Sketi. Kijana mmoja alipomwomba neno la kuishi nalo, Musa alimwambia aende akakae chumbani mwake, chumba kitamfundisha kila kitu.

Benedikto alizaliwa Italia yapata mwaka 480, zaidi ya karne moja baada ya Antoni kufa, na Kanuni yake imejaa hekima ya hao wazee wa Misri. Kwa hiyo Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walipofika Peramiho mwaka 1898, wakiongozwa na padri Cassian Spiss, walikuwa wanarudisha barani kitu kilichotoka barani. Hawakuja peke yao, walikuja chini ya utawala wa Wajerumani, na jambo hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili wakiwa safarini, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Naona ni haki tuyasimulie yote mawili kwa pamoja, imani waliyoileta na bendera waliyokuja nayo.

Mwaka 1957 ilianzishwa Hanga, mkoani Ruvuma, kwa ajili ya Waafrika waliotaka kuwa wamonaki. Hanga nayo ikazaa Mvimwa, huko Rukwa, mwaka 1979. Leo zote mbili ni abasia, yaani monasteri zinazoongozwa na abate.

Siku ya monasteri ikoje?

Kengele hulia alfajiri, wengi wetu tukiwa bado chini ya blanketi. Kwa baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7, kulitii hilo peke yake ni malipizi. Hufuata sala ya usomaji na Masifu ya Asubuhi, misa, chai, kazi, sala ya mchana, chakula huku mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, mapumziko mafupi, kazi tena, Masifu ya Jioni, chakula cha usiku, kisha Sala ya Mwisho. Saa zenyewe hutofautiana nyumba kwa nyumba.

Uti wa mgongo wa siku hiyo ni Zaburi. Benedikto alipanga zote 150 ziimbwe kila juma. Monasteri nyingi siku hizi huzigawa kwa muda mrefu zaidi. Zinaimbwa pande mbili, upande huu ubeti, upande ule ubeti, polepole, mtu akijifunza kuisikia pumzi ya mwenzake. Na humo mna kila hali ya binadamu. Siku uliyoamka na furaha unapewa zaburi ya mtu anayelia shimoni, na siku ya msiba wako unapewa ya shangwe. Unaomba maneno ya mtu mwingine, kwa niaba ya mtu mwingine aliyeko hospitali ya rufaa Mbeya au barabarani Kitonga usiku ule. Mimi naamini hiyo ndiyo kazi yao ya kwanza.

Ni kweli hawaongei?

Wanaongea, kazini hasa, na kwa saa maalumu za kukaa pamoja. Baada ya Sala ya Mwisho huanza kimya kikuu mpaka asubuhi, na hapo ni dharura au mgeni tu.

Mbona tunaona hospitali na karakana? Huo upweke uko wapi?

Peramiho watu wengi wanaijua kwa Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, kwa kiwanda cha uchapaji, kwa karakana zilizofundisha vizazi vya mafundi. Masista wa Chipole wanaendesha mtambo wa umeme wa maji wa Tulila, kwenye Mto Ruvuma, na wanaiuzia TANESCO umeme. Ukiishia hapo utasema hili ni shirika la maendeleo lenye kanisa.

Kanuni ya Benedikto, sura ya 66, inataka monasteri iwe na maji, kinu, bustani na ufundi mbalimbali ndani ya eneo lake. Sababu inayotolewa ni ya kiroho: mmonaki asilazimike kuzurura nje. Sura ya 48 inasema uvivu ni adui wa roho, basi kuwe na saa za kazi ya mikono na saa za kusoma Maandiko. Sura ya 57 inaagiza fundi anayejivuna kwa ufundi wake aondolewe kwenye kazi ile, na bidhaa ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko ya watu wengine. Sasa unaona: kinu na karakana vilianza kama uzio wa upweke. Mabonde yetu yenye mito na ardhi yetu inayokubali ngano, viazi na miti vikaukuza uzio huo ukawa shule na hospitali, na majirani tukanufaika.

Hatari ipo, na wamonaki wenyewe huizungumza: mashine zikiwa nyingi, kengele hupuuzwa. Ukitaka kujua afya ya monasteri, usihesabu matrekta. Ingia kanisani saa ya Masifu ya Jioni uone nani yupo.

Hawachoki? Hawajutii?

Wanachoka. Mmonaki mmoja wa karne ya 4, Evagrius wa Ponto, aliyeishi jangwa la Misri mpaka alipofariki mwaka 399, alieleza uchovu huo kwa undani kuliko yeyote niliyemsoma. Aliuita pepo wa mchana. Humjia mmonaki kuanzia saa nne asubuhi: jua linaonekana kama limesimama, siku ina urefu wa saa hamsini. Anachungulia dirishani kama kuna ndugu anakuja kumtembelea. Anaanza kukichukia chumba chake, kuichukia kazi ya mikono, kuona kwamba upendo umekwisha katika nyumba ile na hakuna wa kumfariji. Halafu linakuja wazo tamu: mahali pengine ningemtumikia Mungu vizuri zaidi. Kumbukumbu ya wazazi, ya maisha ya zamani, ya uzee mrefu unaomngoja. Evagrius anasema pepo huyu hutumia kila hila ili mmonaki akiache chumba na kukimbia uwanja.

Nikiwasomea vijana maelezo hayo hucheka kwanza, kisha hunyamaza, kwa maana wamejiona na simu mkononi saa tano asubuhi ofisini. Mwenye ndoa ya miaka kumi na miwili naye hujiona.

Dawa ya wazee wale haikuwa ya ajabu. Kaa. Maliza kazi iliyo mkononi. Imba zaburi inayofuata hata kama moyo mkavu. Mweleze mzee wako unachokiwaza bila kuficha. Evagrius anaongeza kwamba pambano hili likipita, hufuatwa na amani na furaha isiyoelezeka. Wamonaki wazee wana utulivu ambao sijauona kwa matajiri wa mbao wa hapa Njombe, na hawakuupata kwa urahisi.

Mimi hupanda mlimani kufunga na kuomba peke yangu. Si ni jambo lile lile?

Ni ndugu wa jambo hilo. Milima inayozunguka mji wa Mbeya ina watu wengi wanaopanda kuomba, wa makanisa mbalimbali, na siwezi kuwabeza. Bwana Yesu mwenyewe alipanda. Tofauti ni kwamba wewe unapanda na haja yako, kazi, mtoto au ugonjwa, na ikiisha unashuka. Mmonaki hashuki, na wala haja si yake peke yake.

Na tahadhari moja. Wapo wanaotaka kuruka moja kwa moja kwenye upweke kamili, bila mzee wa kuwaongoza, wakafunga mpaka wakaanza kuona na kusikia mambo. Kanuni ya Benedikto, katika sura yake ya kwanza kabisa, inasema wakaapweke ni wale waliokwisha kupimwa muda mrefu katika monasteri, wasiotegemea joto la uongofu wa juzi. Kanisa bado linawatambua wakaapweke, chini ya askofu wa jimbo, kwa kifungu cha 603 cha sheria zake. Lakini hawaanzi peke yao.

Walutheri na Waislamu wanasemaje?

Martin Luther alikuwa mtawa wa Kiaugustino tangu 1505. Baadaye alizipinga nadhiri kama njia ya kujipatia wokovu, na mwaka 1525 akamwoa Katharina von Bora, aliyekuwa sista. Ndiyo maana Walutheri na Wamoravian, walio wengi huku kwetu, hukua bila monasteri. Hata hivyo Tanzania ina masista Walutheri: Ushirika wa Neema, Moshi, ni mfano.

Uislamu hauna utawa wa maisha. Ndoa husisitizwa. Lakini Mwislamu anaijua itikafu, kujifungia msikitini hasa siku kumi za mwisho za Ramadhani, akaacha biashara na maongezi. Jirani zangu waliokaa itikafu hunielewa upesi kuliko Wakristo wengi ninapoeleza monasteri.

Binti yangu anataka kwenda. Mahari yake je? Wajukuu je?

Mama, baba, swali lenu halina aibu. Mmemsomesha, mlikuwa na matumaini, na ukoo unauliza. Msijilazimishe kufurahi siku ya kwanza. Lakini msimfanyie mambo mawili: msimfungie mlango kwa laana, wala msimsukume aende kwa kuwa mna sifa ya kutafuta kijijini au ada ya shule ya kukwepa. Nadhiri iliyowekwa kwa kulazimishwa haina nguvu mbele ya Kanisa.

Ulizeni kabla: ataruhusiwa kuja nyumbani mara ngapi? Akiumwa mzazi? Akifiwa? Katika mashirika yanayofanya kazi nje kuna likizo. Kwenye monasteri za ndani ni nadra sana. Kila nyumba ina utaratibu wake, na kuujua mapema kunapunguza machozi baadaye.

Inachukua muda gani, na masharti ni yapi?

Kwa sheria ya jumla, unovisi, kipindi cha malezi kabla ya nadhiri za kwanza, hauanzi kabla ya miaka 17, nadhiri za kwanza kabla ya 18, wala za daima kabla ya 21. Unovisi hauwi chini ya miezi 12 wala kuzidi miaka 2, na nadhiri za muda hukaa angalau miaka 3. Kabla ya unovisi kuna vipindi vya mwanzo vya kujuana na nyumba, viitwavyo uaspiranti na upostulanti. Kwa watawa wa kike wa ndani, maagizo ya Vatikani ya mwaka 2018 yanataka malezi yote yasipungue miaka 9.

Mwenye ndoa halali ambayo mwenzi wake yu hai hapokelewi. Mjane anaweza. Utaulizwa cheti cha ubatizo, cha kipaimara na barua ya paroko. Kucheleweshwa kusikuvunje moyo: Benedikto aliagiza mgeni anayetaka kujiunga asifunguliwe kirahisi, abishe siku nne au tano, na Kanuni asomewe mara tatu ndani ya mwaka ili ajue anachoingia.

Nina shamba la miti nililorithi. Na nina deni la Bodi ya Mikopo.

Shamba kwanza. Kabla ya nadhiri za kwanza unamkabidhi mtu mwingine usimamizi wa mali yako, na kabla ya nadhiri za daima unaandika wosia unaokubalika pia kwa sheria za nchi. Usiliache kwa maneno ya mdomo, maana migogoro ya mashamba ya misonobari na mikaratusi tunaijua.

Deni lisemwe wazi siku ya kwanza. Sheria ya Kanisa inakataza kumpokea mtu mwenye madeni asiyoweza kuyalipa. Hii ni pamoja na Bodi, VICOBA, na lile la rafiki lisilo na karatasi. Wengi hushauriwa wafanye kazi kwanza, walipe, kisha warudi. Huko si kukataliwa.

Aliyetoka monasteri amefeli?

Hapana, na hapa naomba tubadilike. Nimeona mnovisi akirudi nyumbani na kijiji kikamgeuza hadithi: ana mimba, ameiba, amerogwa. Miaka ya malezi imewekwa ili mtu apime na apimwe. Anayegundua kwamba wito wake ni ndoa na akasema kweli ameutumia muda ule sawasawa. Nadhiri za muda zikiisha, yuko huru kuondoka. Aliyeweka za daima huomba ruhusa ya juu. Sheria inasema anayeondoka hawezi kudai malipo ya kazi aliyoifanya, ila shirika linapaswa kumtendea kwa haki na upendo. Na sisi parokiani tumpe nafasi kwenye kwaya bila kumhoji.

Naweza kwenda kukaa siku chache tu?

Ndiyo, hata usipokuwa Mkatoliki. Sura ya 53 ya Kanuni inataka kila mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe. Andika au piga simu kwanza kwa mhusika wa wageni, useme unakuja kwa mafungo na kwa siku ngapi. Beba sweta nzito, tochi na Biblia. Simu izime, au iache nyumbani ukiweza. Hudhuria sala hata kama huelewi mpangilio wa kitabu, atatokea bruda wa kukufunulia ukurasa. Siku ya kwanza utasinzia, ya pili utataka kuondoka. Panga angalau siku tatu.

Wapo pia waoblati, walei wenye ndoa na kazi zao wanaojifunga na monasteri fulani na kuishi Kanuni kwa kadiri ya hali yao. Ukivutiwa, muulize huyo huyo mhusika wa wageni. Malipo ya chumba na chakula hutofautiana, mengine ni sadaka tu. Mchele, maharage, sukari na sabuni hupokelewa kwa furaha jikoni.